Insha ya Binti wa Duka la Ndoo

Wenzangu wanaofundisha hesabu hawajui raha waliyo nayo. Jibu likikosewa limekosewa, mwalimu anapiga mkasi wa wino mwekundu na kwenda kunywa chai. Mimi nafundisha falsafa ya mazingira katika chuo kimoja hapa Morogoro. Kazi yangu ni kusoma insha za vijana kuhusu haki za mito na wajibu wetu kwa vizazi vijavyo, halafu niseme wapi wamejenga hoja na wapi wamepiga porojo. Ulimi wangu ni mkali na wanafunzi wanaujua. Karibu kila insha nairudisha na maneno yaleyale pembeni: "Haya wamesema wengine. Wewe unasemaje?" Wananitania kwa maneno hayo kwenye korido, wakidhani siwasikii.

Mwaka huu, tulipokuwa tunangoja masika, ilinifikia insha moja ambayo sikuweza kuisahihisha. Niliibeba kwenye mkoba kutoka Mafiga ninakoishi hadi ofisini, na kutoka ofisini hadi Mafiga, mpaka pembe zake zikakunjika. Insha yenyewe ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa kwangu, na ili ieleweke sina budi kulieleza kwanza shamba la mama.

Mama yangu analima mlimani, kwenye mteremko wa Uluguru unaoutazama mji. Analima kabichi, karoti na njegere, na chini kabisa, kando ya kijito, magimbi yenye majani mapana kama sinia. Sisi Waluguru ardhi tunaipata kwa mama. Mama alilipata shamba lile kwa mama yake, na bibi kwa mama yake, yote ndani ya lukolo, yaani ukoo. Kaka zangu wawili hawana chao pale, na wanalijua hilo tangu wakiwa wadogo. Binti wa mama ni mimi peke yangu.

Mwaka jana mama aliteleza kwenye njia ya kwenda kanisani akaumia nyonga. Alipona kiasi cha kutembea na fimbo, lakini kuinama na jembe ndiyo basi tena. Mjomba, kaka yake mama, ndiye anayesimamia ardhi ya ukoo, naye ni mtu wa taratibu. Utaratibu wa kwetu ni kwamba mama akishindwa, binti anapanda mbegu za kwanza kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya macho ya ukoo. Kibarua anaweza kupalilia, anaweza kuvuna, lakini mbegu za kwanza hazipandwi na mkono wa kukodi. Binti akipanda, shamba ni lake na amekubali kulishika maisha yake yote. Asipopanda, mjomba analichukua na kumpa mwanamke mwingine wa ukoo, hata kama ni yule binamu ambaye mama hasalimiani naye. Mjomba aliniletea ujumbe mfupi kwenye simu: masika haya, mpwa wangu, tunakungoja.

Mimi silitaki shamba lile. Nasema hivyo nikijua kabichi zake ndizo zilizonisomesha. Nimelipenda kwa mbali, nimelisifu darasani, nimewaonyesha wageni picha zake. Lakini nikifikiria kila Jumamosi ya maisha yangu ikiishia kwenye mteremko ule, kila likizo, na mwisho wake kustaafu na kwenda kuzeeka nikigombania mpaka na binamu, natamani mjomba aisahau namba yangu ya simu. Na nikifikiria kukataa, namwona mama akiteremka na fimbo yake kuja kukaa kwangu Mafiga, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mama ameshaniambia kwamba siku atakayokuja kukaa mjini niandae na jeneza kabisa. Kwa hiyo wiki zile nilikuwa nimefungwa pande zote mbili, na mbingu ikawa inajaa mawingu kila mchana.

Ndipo ikaja insha. Mwandishi wake alikuwa msichana wa mwaka wa pili, Muislamu mwenye asili ya Kihindi, mtoto wa duka huko Mwembesongo, mtaa wa chini hapa mjini. Darasani alikuwa anakaa mbele na kusema kidogo. Chuoni tunaandika kwa Kiingereza, hivyo maneno yake hapa nimeyageuza, lakini alianza hivi: "Mvua ikinyesha mlimani, sisi Mwembesongo tunaijua kwa kutazama ndoo. Mama hufungua bomba, maji yanatoka na rangi ya chai ya maziwa, anayaacha yatulie. Chini ya ndoo linabaki tope. Tope lile ni shamba la mtu."

Niliiweka chini nikaenda kusimama dirishani. Milima ilikuwa palepale, imejifunika kitambaa chake cha mawingu kama kawaida.

Hoja yake ilikwenda hivi. Mtu anayelima kwenye mteremko mkali kando ya kijito hamtukani mtu wala hampigi mtu. Anapanda kabichi tu. Lakini udongo unashuka, mto unachafuka, na chini kuna watu asiowaona wanaokunywa kazi yake. Je, unaweza kumkosea mtu ambaye hujawahi kumwona? Akajibu kwamba ndiyo, unaweza, na akajibu vizuri. Halafu akafanya jambo ambalo wanafunzi wangu hawafanyi: alijiingiza mwenyewe. Aliandika kwamba baba yake anauza ndoo, madumu na matangi, na bomba likikauka au likitoa tope, nyumbani kwao wanakula vizuri zaidi. "Mimi pia nimelelewa na uharibifu huu," aliandika, "kwa hiyo siwezi kumnyooshea mkulima kidole nikajiacha mimi." Kwenye insha hiyo yale maneno yangu ya pembeni hayakuwa na kazi. Alikuwa ameshasema.

Mwisho akaweka kanuni yake: ardhi ya kando ya vijito iachwe ipumzike, na katika kuiacha, mwenye njia nyingine ya kuishi atangulie. Asiye na kitu kingine awe wa mwisho. Nilisoma sentensi ile nikahisi mtu amenifungulia mlango.

Mimi nina njia nyingine. Nina mshahara. Sehemu ya chini ya shamba letu, pale penye magimbi, imo ndani ya zile mita sitini ambazo sheria inakataza kulima kando ya vyanzo vya maji, na kila mtu mlimani anajua hivyo na kila mtu analima. Kama msichana huyu alikuwa sahihi, basi kukataa kwangu kungekuwa uadilifu, wala kusingekuwa uvivu au uasi wa mtoto aliyesoma akajisahau. Ningepanda mlimani kichwa juu. Ningemwambia mjomba kwamba siachi shamba la mama, naupumzisha mlima. Nilishika kalamu nikaandika A kwa penseli, kubwa, na furaha yangu ikanitia aibu papo hapo.

Nikaifuta. Msahihishaji anayetamani hoja ishinde hafai kuwa hakimu wake. Basi siku iliyofuata niliisoma upya kwa jicho la mama, na nikaichana vipande. Nikaandika kwamba mkulima wake hana uso, hana nyonga, hana watoto wa kusomesha. Nikaandika kwamba ni rahisi kupumzisha mlima usiokulisha. Yote hayo yalikuwa kweli, ila mkono ulioyaandika ulikuwa wa binti anayelipa deni la aibu ya jana, na nikampa C. Nayo nikaifuta. Karatasi ikaanza kutoboka.

Nilijaribu kumtupia mwenzangu mzigo. Yeye ni Mnyamwezi, mtani wangu, anayefundisha mantiki kwenye chumba cha pili. Nilimweleza yote, kwamba shamba ni letu, kwamba nina masilahi, kwamba haki inataka asahihishe mtu mwingine. Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Nyie Waluguru bwana, hata insha mnataka kuirudisha kwa mjomba!" alisema. "Sahihisha dada. Mwalimu gani hapa hana shamba, hana bomba? Ukitafuta asiyekunywa maji ya mlima huu umletee hiyo insha, hutampata."

Nilirudi kwenye kiti changu na insha yangu. Nikaamua kufanya kama ninavyowafundisha wao: usijali kama hoja inakufurahisha au inakuudhi, tafuta mahali inapovunjika.

Ilikuwa inavunjika ukurasa wa tatu. Nilipapita mara zote zile bila kupaona, kwa sababu nilikuwa nakimbilia mwisho. Akieleza kwa nini mashamba yanazidi kupanda juu, aliandika kwamba baba akifa, wana wake wa kiume wanagawana shamba, vipande vinakuwa vidogo, na kila mmoja anafyeka kidogo zaidi kuelekea msituni. Kwa hiyo akashauri kwamba wale wana wa kiume waliopata kazi mjini waviache vipande vyao vipumzike.

Nilicheka peke yangu, na kicheko kikaishia njiani. Mtoto wa duka alikuwa amechukua sheria ya dukani kwao akaipandisha mlimani. Kwao duka lilikuwa la babu, likawa la baba, na litakuwa la kaka zake. Hakufikiria kwamba huko juu, kwenye mlima anaouona kila asubuhi akifungua mlango, mambo yanakwenda kwa mama. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hapa umekosea. Uluguru ardhi inarithiwa kwa upande wa mama. Rekebisha, halafu uone hoja yako inakupeleka wapi." Nikamwita ofisini.

Alikuja mchana, na begi lake kifuani.

"Shikamoo madam."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Nilimwonyesha ukurasa wa tatu. Aliusoma wino wangu, akatazama juu kidogo kama mtu anayepiga hesabu, na akasahau kuniogopa.

"Kumbe! Basi madam, anayetakiwa kutangulia ni binti. Binti aliyesoma, mwenye kazi mjini."

"Endelea," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, nashukuru.

"Na yeye ndiye anashika shamba, si ndiyo? Kwa hiyo anaweza kuliacha." Akapindua ukurasa. "Akiliacha linakuwa la nani?"

"Linarudi kwa mjomba wake. Anampa mwanamke mwingine wa ukoo."

"Ambaye hana kazi mjini."

"Ambaye hana kazi mjini."

"Basi atalima zaidi." Uso wake ulinywea, hoja yake ya kurasa kumi ikimponyoka mikononi. "Kwa hiyo akiliacha, tope lipo. Na asipoliacha?"

"Lazima alime. Lisipolimwa linachukuliwa."

"Tope lipo." Aliniangalia kwa huruma ya kweli, huruma ya kumhurumia mtu wa kwenye mfano. "Madam, huyo dada atafanyaje sasa?"

Nilimwambia hilo ndilo swali zuri zaidi katika insha yake na halikuwamo. Aliinama akaliandika. Kisha akasema huenda yule dada angelishika shamba, sehemu ya juu akapanda kama kawaida, ila ile ya kando ya kijito akapanda miti. Nikamuuliza kama yeye angefanya hivyo. Akatabasamu.

"Mimi madam nina bahati. Duka la baba halinihusu, ni la kaka zangu. Hakuna anayeningoja mahali."

Alisema bila kujisifu, kama mtu anayetaja anakoishi. Nilimwonea wivu mpaka nikalazimika kutafuta kalamu chini ya meza. Alipotoka niliandika alama yake kwa wino. A. Nguvu: mwandishi amejiweka ndani ya hoja. Udhaifu: hakujua mlima ni wa nani, lakini alipoambiwa hakukimbia. Niliisaini, na kwa mara ya kwanza tangu insha ile inifikie nilikuwa na hakika kwamba alama ile si ya mama wala si yangu.

Jumamosi nilipanda mlimani. Bodaboda ilinifikisha mwisho wa barabara, nikamalizia kwa miguu, nikiipangilia njiani hotuba yangu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, fimbo mapajani. Kando yake kulikuwa na jembe lililonolewa na bakuli la mbegu za njegere zilizolowekwa. Mjomba alikuwa chini ya mgomba, na wanawake wawili wa ukoo nyuma yake, mmoja wao yule binamu, amekuja kushuhudia au kungojea, sijui.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa, jua limeshapanda."

Sikuenda kwenye jembe. Nilichuchumaa mbele yake nikasema yote. Nikamweleza juu ya maji ya mjini na ndoo, na watu tusiowaona. Nikamwambia nitapanda juu, sawa, lakini pale chini kwenye kijito nataka tupande miti, magimbi tuyaache, ardhi ipumzike. Nilisema vizuri. Nimezoea kusema mbele ya watu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na mimi nile miti?" aliuliza.

Binamu akacheka. Mjomba akakohoa.

"Hayo maneno ya nani?" mama akaendelea.

"Ya mwanafunzi wangu. Msichana wa Mwembesongo."

"Baba yake anafanya kazi gani?"

"Anauza ndoo."

"Haya. Hayo ya mwenye ndoo nimeyasikia." Aliinyoosha fimbo akanigusa nayo gotini, polepole. "Wewe unasemaje?"

Nilifungua mdomo. Kila mwaka nawaandikia vijana wa watu maneno hayo na kuwashangaa wanaponitumbulia macho. Nilikuwa nayo maneno yangu, mawili tu: silitaki shamba. Nikamtazama mama, naye alikuwa ameikumbatia ile fimbo kwa mikono miwili, akimtazama binamu kwa pembeni. Alikuwa anaogopa. Mama yangu, ambaye amewahi kumfukuza nguruwe pori kwa mwiko, alikuwa ananiogopa mimi.

"Sina la kusema mama," nilimwambia.

Nikachukua bakuli, nikachukua jembe. Wanawake wakasogea kutazama mkono wangu. Udongo ulikuwa laini na baridi, na nilikasirika kwamba mikono yangu ilikuwa bado inaikumbuka kazi ile, kipimo cha shimo na namna ya kufukia kwa kiganja. Nilipanda njegere kutoka mlangoni nikishuka. Nilipofika pale ambapo mita sitini zinaanzia, nikasimama na kugeuka.

"Mpaka chini!" mama alipiga kelele kutoka kwenye kigoda chake, sauti yake imerudi yote. "Mpaka chini kabisa, usiniachie pengo. Wanakuangalia!"

Nikashuka nikipanda. Nikapanda mpaka kwenye magimbi, na katikati ya magimbi, mpaka nikawa nayasikia maji ya kijito miguuni. Mjomba akaja akanishika mkono mbele ya wale wawili, akasema shamba limepata mwenyewe. Binamu akaenda zake bila kuaga. Mama alipika magimbi siku ile, na tulikula tukicheka, na nilikuwa nacheka kweli huku nikiyatazama yale matuta kama mtu anayetazama kuta za chumba alichoambiwa ni chake.

Masika yalianza wiki iliyofuata. Mvua iliushukia mlima usiku kucha, na asubuhi nikiwa Mafiga nilifungua bomba la uani kabla ya kwenda kazini. Maji yalikohoa, yakatoka, rangi ya chai ya maziwa. Nilijaza ndoo nikayaacha yatulie, nikavaa, nikapanga insha za darasa jingine kwenye mkoba. Niliporudi uani maji ya juu yalikuwa yameshaanza kung'aa. Nikayamimina taratibu kwenye sufuria, nikayabandika jikoni, halafu nikaenda kuosha ndoo. Pale chini palikuwa na tope, laini na baridi, na mkono wangu ukalijua.